Jongoo Hapiti Kona

Binti alipiga simu kutoka wodi ya wazazi Jumatano asubuhi. Mama yake alikuwa kazini, kichwa chote kimezama ndani ya katoni ya glavu. Mama huyo ni mkuu wa stoo katika hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, na tangu apate diploma yake ya ugavi hajawahi kushindwa kwa sababu kitu kimekosa pa kukaa. Mitungi ya oksijeni, viti vya magurudumu, magodoro yaliyoletwa bila taarifa: vyote alivipatia mahali, na njia ya kupita ikabaki.

"Mama, Jumamosi wananiruhusu," binti alisema. "Chumba kipo au hakipo?"

"Kipo."

"Mama."

"Nimeshakwambia kipo."

"Nikija nikamkuta baba bado yumo kwenye lile shimo lake, sishushi hata mfuko. Nageuza teksi na mwanangu tunakwenda kwa mama mkwe. Yeye ameshatandika. Ameweka na pazia jipya."

Habari ya kutandika angeivumilia. Pazia lilimchoma. Mjukuu wa kwanza, na alale chini ya pazia la mwanamke mwingine kwa sababu babu yake anacheza na treni? Alifunga katoni ya glavu bila kujua amehesabu ngapi, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Chumba chenyewe kilikuwa cha binti kabla hajaolewa. Harusi ilipokwisha, hata viti vya kukodi havijarudishwa, baba yake aliingia humo na futi ya kupimia akafunga mlango. Siku hizi kulikuwa na meza ya mbao nyembamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake milima ya karatasi iliyolowekwa gundi, steshini, madaraja, na reli mbili zilizozunguka chumba chote. Katikati ya meza alikata shimo la kumtosha mtu mzima. Ukimtaka unamwita, naye anaibuka kutoka kifuani kwenda juu katikati ya milima, kama mtu aliyezikwa nusu.

Mchana ni fundi wa meno ya bandia, na mtaa mzima unamwita Fundi Meno. Watu wengi pale mtaani wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Akitoka kazini ni mkuu wa reli.

"Mzee, toka huko," mkewe alisema jioni ile, bila kuvua viatu. "Tuna mazungumzo."

"Nakusikia nikiwa humu humu."

"Nataka nikuone miguu. Mtu asiye na miguu sibishani naye."

Alipita chini ya meza kwa magoti, akatokea upande wa mlangoni na vumbi kichwani. Alipoelezwa habari za Jumamosi alifurahi kikweli, akauliza mtoto anafanana na nani, akauliza kama binti anakula. Alipoelezwa habari za chumba alishika kiuno.

"Meza haipungui, mama. Usidhani nakaidi. Tatizo ni kona."

"Kona gani?"

"Kona ya reli. Ukiibana, injini inaanguka. Ukitaka isianguke unaipanua, na ukiipanua inataka meza pana. Meza pana inataka chumba." Alifungua mikono, kama mtu aliyeonewa na sheria za dunia.

"Injini zote zinaanguka?"

Alijipangusa vumbi kichwani. "Inategemea magurudumu."

Miaka yote ya ndoa yao, mke alikuwa akiyasikia hayo magurudumu mezani. Nne-sita-mbili hii, mbili-nane-sifuri ile, yakitajwa kwa sauti ambayo wanaume wengine wanatajia wachezaji wa mpira. Alikuwa ametia pamba masikioni. Sasa alivuta stuli akaketi.

"Nifundishe."

Furaha iliyomwingia mumewe nusura imtie huruma. Alimletea injini moja ya kijani, nyembamba, yenye mistari ya dhahabu, aliyoiita Bibi Arusi, akaiweka kwenye viganja vyake kama anamkabidhi mtoto.

"Unahesabu kuanzia mbele. Kwanza vigurudumu vidogo vinavyotangulia. Kazi yao kuionja njia. Halafu haya makubwa ya kuvuta, yaliyofungwa pamoja kwa vyuma vya pembeni. Mwisho vidogo vya nyuma, vinavyobeba uzito wa tanuri. Haya, huyu ni nani?"

Aliigeuza kwenye mwanga. "Mbili, tatu, moja."

Fundi Meno alicheka mpaka akaegemea mlima, na mlima ukapasuka. "Umehesabu upande mmoja. Injini ina pande mbili, mama, kama kitanda."

"Kitanda sihesabu miguu kila ninapolala. Hukusema pande zote."

"Nne, sita, mbili."

"Nne, sita, mbili. Na asiye na vidogo?"

"Unasema sifuri. Huyu Punda hapa, wa kusukumana na mabehewa steshini, mbele hana kitu, nyuma hana kitu."

"Sifuri-sita-sifuri."

"Unaona? Ungeanza zamani tungekuwa mbali."

Alizipanga zote sakafuni kama anavyopanga bidhaa stoo, kwa aina na kwa ukubwa, akazitaja moja moja, kuanzia Punda mpaka Jongoo mweusi mwenye kumi ya kuvuta, hadi mumewe akaishiwa maswali. Akauliza ni ipi kubwa kuliko zote walizowahi kutengeneza watu kwa ukubwa wa kweli. Fundi Meno akamsimulia kwa heshima juu ya moja iliyokuwa nne-kumi na nne-nne, magurudumu kumi na manne ya kuvuta kwenye fremu moja, iliyonyoosha reli na kuvunja njia popote ilipopita, mpaka ikaegeshwa isitembee tena.

"Aliyeitengeneza alikuwa na mke?"

"Sijui."

"Hakuwa naye."

Alikwenda jikoni akiwa na uhakika. Kubwa ndiyo inayosumbua. Na kati ya injini zote zilizopangwa pale, moja ilikuwa ndefu kiasi kwamba hakuna rafu iliyoitosha: ile mumewe aliyoiita Mapacha, yenye tangi mbele, tangi nyuma na boila, lile pipa la mvuke, katikati. Hesabu yake haikutoshea katika pumzi moja: nne-nane-mbili, na tena mbili-nane-nne. Mapacha akiondoka, kona itabana, meza itapungua, na pazia la watu litabaki kwa wenyewe.

Alhamisi aliomba ruhusa akatoka kazini mapema. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlango wa zamani wa jikoni uliokuwa umeegeshwa ukutani. Aliufuta, akaulaza sebuleni juu ya viti vinne, kisha akatafuta kwenye maboksi ya mumewe zile reli za kona kali kuliko zote, ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni yake. Mumewe huziita kona za watoto, na akizitaja hukunja pua. Aliziunga mpaka zikazunguka mlango mzima bila kutoka nje ya mbao.

Fundi Meno aliporudi alimkuta rafiki yake amekwisha kaa mezani na mkewe. Rafiki huyo ni refa mstaafu wa mpira anayeitwa Filimbi. Hana treni hata moja, ila hakosi kuja, na kazi yake ni kupuliza filimbi treni inapoondoka. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

"Shemeji kaniita niwe shahidi," Filimbi alieleza.

"Shahidi wa nini?"

"Wa haki," mke alisema. "Kila injini inapita hapa. Inayopita inabaki na meza hii hii. Isiyopita inatafutiwa kwake."

Fundi Meno aliutazama mlango, akazitazama kona za watoto, akakunja pua. Hata hivyo hakubisha. Alimweka Punda. Filimbi akapuliza, Punda akazunguka kwa mwendo wake wa kuchoka. Bibi Arusi akapita akijitingisha kidogo. Zikapita na nyingine, na kila moja ilipokaa relini mke aliitaja kwa namba zake kabla haijaondoka.

"Shemeji umeiva," Filimbi alisema. "Na pia kuna wale wanaohesabu ekseli, jozi kwa jozi, badala ya magurudumu, kwao Bibi Arusi ni mbili-tatu-moja."

Mke akageuza shingo taratibu. "Mbili-tatu-moja?"

"Ndiyo. Nchi nyingi tu."

"Mzee, jana ulinicheka mpaka ukavunja mlima."

"Nilitaka ujue mtindo mmoja kwanza," Fundi Meno alisema, akijishughulisha na waya. "Ukijua miwili kwa mpigo unachanganyikiwa."

Aliliweka hilo akibani. "Lete Mapacha. Huyu ndiye mwizi wa chumba."

Akaletwa. Alikuwa mrefu kuliko mkono wa mama kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na alipokaa kwenye mlango ule alionekana kama basi lililoegeshwa jikoni. Mke alikunja mikono kifuani akisubiri aanguke. Filimbi akapuliza. Mapacha akaingia kona, akajikunja kiunoni, pua ikaelekea huku na mkia kule, akazunguka kona nzima bila hata kutikisa boila.

Fundi Meno alikuwa akitabasamu kwa namna ya kuudhi. "Ni injini mbili zilizobeba boila moja, mama. Katikati zinakunjika. Usitishwe na wingi."

Mke aliinama mpaka jicho likawa sawa na reli. Akaomba azunguke tena. Akaangalia vile vyuma vya pembeni vinavyofunga magurudumu makubwa, mafungu mawili, kila fungu na safari yake.

"Kwa hiyo nisihesabu miguu," alisema. "Nihesabu iliyofungwa kamba moja."

"Hapo umesema."

"Mapacha ni nane na nane. Kila nane inajigeuza yenyewe. Anayesumbua ni yule aliyefungwa mingi kwa pamoja." Akasimama wima. "Kumi. Jongoo yuko wapi?"

"Jongoo leo hayuko vizuri."

"Yuko wapi?"

Lakini Filimbi alikuwa ameshatazama koti jeupe la kazini ambalo Fundi Meno alikuwa bado hajalivua, na mfuko wa kulia uliovimba, na magurudumu yaliyochungulia kwenye mshono.

Jongoo alitolewa mfukoni. Alikuwa mweusi, mzito, vigurudumu viwili mbele, kumi vya kuvuta, nyuma hana kitu. Mbili-kumi-sifuri. Alikaa relini vizuri sehemu iliyonyooka. Kwenye kona aliinua bega, akapanda juu ya reli, akalala ubavu huku magurudumu yote yakizunguka hewani. Filimbi alitoa kadi nyekundu. Huwa anatembea nazo.

Mke alikuwa ameshinda, na alijua kwamba ameshinda vibaya. Injini nyingine zote zilinunuliwa. Jongoo hakununuliwa. Alitengenezwa mwaka ambao Fundi Meno alipasuliwa jicho na daktari akawaambia wasubiri waone. Alikaa nyumbani akiogopa kwamba mikono yake haitaona tena pa kwenda, akaanza kumimina gurudumu moja kwa madini na kalibu zile zile za meno, akalitupa, akamimina jingine. Gurudumu la mwisho lilipokubali kukaa sawa, alirudi kazini. Mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia taa. Alikuwa mwanamke wa kusema lolote kwa yeyote, lakini kumwambia mtu huyu amfungie Jongoo kabatini hakuweza.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wa binti.

"Mkwe, habari za huko? Nasema hivi, msijibane. Mimi nafasi ninayo. Leo nimepata na kiti cha kunyonyeshea, kile cha kubembea."

"Mungu akubariki, mkwe. Hata huku nafasi ipo tele," mke alisema, macho yake kwa Jongoo aliyelala ubavu sebuleni kwake. "Ni kubwa mpaka tunapotea."

Alipokata simu alikaa kitini akashika tama. Filimbi, ambaye hapendi kimya, akaanza kumnyanyua Jongoo.

"Mimi nashangaa," alisema, akimpapasa tumboni. "Wenyewe wa zamani, wale wa injini za kweli, si magurudumu ya kati waliyaondoa ule ukingo? Ule unaoshuka ndani ya reli. Wakayaacha laini, yateleze tu kwenye kona. Si wewe uliyenisimulia, Fundi?"

Fundi Meno alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyemng'ata kidole.

"Rudia, shemeji," mke alisema.

"Aa, labda sikusikia vizuri."

"Umesikia vizuri sana." Akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo Jongoo anapita kona."

"Anaweza kupita," Fundi Meno alikiri.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kabla sijamtengeneza."

"Na chumba cha mtoto umekikalia muda wote huu kwa ajili ya ukingo wa gurudumu."

"Nilimtengeneza kamili, mama. Kila gurudumu na ukingo wake. Nikisaga siwezi kurudisha." Sauti ilishuka. "Nilijua ukijua utaniambia nimsage."

"Bado sijakwambia."

Na kweli hakumwambia. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake Fundi Meno alirudi mapema, na mashine yake ya kusagia meno akaja nayo. Aliiweka kwenye meza ya kulia chakula, akatandika taulo, akamlaza Jongoo chali. Filimbi alikuwepo, bila shaka. Mke alishika taa bila kuombwa.

"Nasaga ekseli ya kati tu," Fundi Meno alitangaza. "Moja. Ikitosha, imetosha."

Mashine ikalia ule mlio ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti huufahamu mpaka kwenye magoti. Filimbi alishika shavu. Fundi Meno aligusa, akapuliza vumbi, akagusa tena, akimwambia Jongoo kwa sauti ya chini atulie, ni kidogo tu. Alipomaliza magurudumu mawili ya kati yalikuwa laini kama sarafu.

Wakampeleka kwenye mlango. Aliingia kona, akafika mbali kuliko jana, akainua bega na kulala.

Filimbi akatoa kadi, akaona sura ya mke, akairudisha mfukoni.

"Ni ya pili na ya nne," Fundi Meno alisema bila kuulizwa. "Ndizo zinazombana sasa." Akaketi. Mikono aliiweka juu ya taulo, akaitazama. "Zikienda hizo, anabaki na ukingo huku mwanzo na huku mwisho tu. Nusu yake nzima nimeing'oa."

Mke alikuwa na maneno kumi, na kila moja lilikuwa sahihi. Aliyameza yote. Badala yake alipiga simu wodini kuuliza mtoto anaendeleaje, akaiweka simu mezani na kufungua spika kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na taa.

"Anaendelea," binti alisema. "Huyu hapa analia, mnamsikia? Ana mapafu ya baba mkwe. Mama, sema ukweli. Niwaambie teksi iende wapi?"

Mtoto alilia kutoka simuni, kando ya taulo la Jongoo, sauti nyembamba, yenye hasira, isiyokata pumzi. Fundi Meno aliinamia simu. Hakuwa amemsikia bado. Asubuhi ile wodini walimruhusu kumwona kupitia kioo tu, na mtoto alikuwa amelala.

"Ndiye huyo?" alimuuliza mkewe kwa kunong'ona.

"Ndiye."

Alisikiliza mpaka mtoto akanyamaza. Kisha akasema kwenye simu, "Mwambie dereva aje nyumbani," akavuta mashine, akaingia ekseli ya pili.

Mara hii hakumwambia Jongoo atulie. Alisaga kama anavyosaga kazini, haraka na kwa uhakika, ya pili na ya nne. Walipomweka kwenye mlango wa jikoni Filimbi alisahau kupuliza. Jongoo akaingia kona. Magurudumu ya kati yaliteleza juu ya reli, yakitoka nje kidogo, yakirudi, na vyuma vya pembeni vikaendelea kupanda na kushuka kama mtu anayekwea ngazi. Akazunguka. Akazunguka tena.

"Sasa mlango huu unakaa wapi?" Fundi Meno aliuliza, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Chumbani kwetu. Miguuni mwa kitanda panautosha, nimeshapima."

"Chumbani kwetu?"

"Unapendelea kwa mama mkwe wake?"

Kung'oa milima kuliwachukua jioni nzima, na Filimbi aliifanya kazi hiyo kwa raha isiyofaa. Jumamosi chumba kilikuwa na kitanda, kabati na dirisha, na sakafu iliyoonekana kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Binti aliingia taratibu, akishika ukuta. Nje teksi ilikuwa inanguruma. Alikuwa amemwambia dereva asizime. Alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akainama kwa shida kutazama chini yake kama kuna reli.

"Ameng'oa kweli?"

"Mpaka misumari," mama yake alisema.

Binti aliketi kitandani, akavua viatu kwa kusukumana miguu. "Mama, mwambie dereva aende."

Alikwenda akamwambia, na aliporudi alimkuta mumewe amekwishampokea mtoto. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa cha mjukuu kwenye kiwiko, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha macho yakapanda ukutani, juu ya dirisha, yakaufuata ukuta mpaka pembeni na kurudi.

"Pale juu," alisema kwa upole, kana kwamba anamwambia mtoto, "rafu nyembamba tu. Reli iliyonyooka. Hakuna kona kabisa."

Mkewe alikunja uso. "Ikifika mwisho inageuzwaje?"

Aliyasikia maneno yakitoka, na hayakurudishika. Binti alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akanyoosha mikono akamchukua mwanawe na kuwaonyesha mlango wote wawili.

Fundi Meno alijibu wakiwa wameshatoka, koridoni, kwa sauti ya chini, na mkewe akapunguza mwendo ili asikie.